Castlevania: hii damu yote iko ya nani?

Kila mara bantu banasema gemu haiwezi kutoa filme ya maana, mi nabajibu na jina moja tu: Castlevania, seri ya katuni ya Netflix yenye ilitoka mu gemu ya video. Na siongee paka juu ya mapigano na damu yenye kuruka fasi yote, ile kila mutu anaiona. Naongea juu ya kazi ya kuandika, kukamata gemu yenye karibu haina maneno na kutia bantu ndani, bantu benye uchungu, mupaka unasahau kama mambo yote ilianziaka ku maneti ya kuchezea gemu.

Gemu ya kwanza kampuni Konami iliitoa 1986. Simon Belmont, muwindaji wa bavampiri, anaingia mu kasri ya Dracula, vampiri mukubwa mwenye kunyonya damu ya bantu, na fimbo yake, anapiga mishumaa, mishumaa inaangusha mioyo kidogo-kidogo, ukivunja ukuta fulani unapata nyama ya kuchoma, unapanda ngazi, popo inakugusa kidogo tu unaanguka mu shimo, unaanza tena. Kuko Medusa, kuko kiumbe ya Frankenstein, kuko Kifo mwenyewe na mundu yake. Kule juu kabisa Dracula anakungojea. Nani alimukosea? Gemu haina saa ya ile mambo. Eko Dracula, umuue, kwisha. Na kwa gemu ilitosha, juu ile muziki na ile giza njo bilikuwa binafanya kazi ya maneno.

Seri ya Netflix ya 2017 haikukamata Simon. Ilikamata gemu ya tatu, ile ya 1989, fasi Trevor, Belmont mwingine wa ile familia ya Simon, anatembea na Sypha, mwanamuke mwenye nguvu ya majiki, na Alucard, mutoto wa Dracula (kulikuwaka na wa nne, Grant, mwenye kupanda kuta, balimuacha, na mi naona balifanya bizuri, bantu batatu banatosha kugombana mu njia). Lakini moyo ya ile seri haikutoka kule. Ilitoka mu Symphony of the Night, gemu ya 1997 ku PlayStation, fasi Alucard anaota ndoto mubaya na anaona mama yake Lisa, banataka kumuua. Mu gemu ni kipande kidogo tu, kisha unarudia kukata mizimu na upanga. Warren Ellis, mwenye kuandika ile seri, alienda kuitafuta kule ndani akaiweka mbele kabisa, mu episodi ya kwanza, na kutoka pale kila kintu iko na sababu.

Tuko 1455, Lisa anafika pekee yake ku mulango wa kasri, anagonga, anaomba Dracula amufundishe sayansi juu anataka kuponesha bantu. Haogope. Anamugombeza hata, mwenye nyumba hana adabu ya kupokea mugeni! Banaoana. Miaka inapita, 1475, bantu ya Kanisa banakuta machupa na bifaa mu nyumba yake, banasema ni muloji, banamuchoma moto mu Targoviste, muji ya Romania ya leo, mbele ya bantu. Dracula alikuwa mu safari, anatembea na miguu sawa mutu ya kawaida juu muke wake njo alimuombaka vile. Anarudia, nyumba ni majivu, kuko paka mama muzee moja mwenye kuweka maua, Lisa alimutunzaka, na ule muzee njo anamwelezea yote. Dracula anamwambia atoroke. Bengine bote anabapatia mwaka moja mbele ya kubaua.

Ile fasi niliangalia na yaya wangu kwake mu Katuba, Lubumbashi, akasimamisha telefone akaniambia, "Mudogo, hii haiko Ulaya, hii njo hapa kwetu." Nikamujibu, "Yaya, njo vile kabisa." Juu tunajua, shiye bote tunajua. Mwanamuke anaikala pekee, anajua dawa ya majani, siku moja mutoto wa jirani anakufa, na maneno inaanza. Ao batoto benye banatupwa inje ya nyumba ya baba yabo juu mutu fulani mu chumba cha maombi alisema beko baloji. Mu ile kipande hakuna bado zimwi hata moja mu barabara, na tayari unaogopa, juu unaona benye kuleta kuni na unabatambua. Mi kwangu hapa njo kazi ya horo, ile filme ya kuogopesha, inaanzia, na bantu mingi benye kutengeneza horo habaijue, banakimbilia kukuonyesha meno.

Sezoni ya kwanza ilikuwa na episodi 4 tu, kisha 8 mu 2018, kisha 10, kisha 10, yote 32, kazi ya studio Powerhouse ya Austin, kule Texas, Sam Deats njo alikuwa anaongoza. Mu sezoni ya pili kuko ile mapigano ya ndani ya kasri fasi banapiga Bloody Tears, wimbo ya gemu ya pili ya 1987, na kama ulicheza zile gemu unasimama ku kiti, hauwezi kuikala. Lakini yenye inaniua ni ya nyuma ya ile. Dracula na Alucard, baba na mutoto, banapigana, banavunja kuta moja kisha ingine, ukuta ya mwisho inapasuka na banaangukia mu chumba cha Alucard wakati alikuwa mutoto. Kitanda kidogo. Picha ya familia ku ukuta. Dracula anasimama, anaona fasi yenye eko, anaelewa kama eko anaua mutoto wake mwenyewe, na pale hana tena nguvu ya kupigana, anaacha Alucard amumalize. Ile haiko mu gemu yoyote. Mu gemu boss wa mwisho, ule adui mukubwa, anakufa juu ulipiga bizuri. Hapa anakufa juu alikuwa amekufa tangu siku ya Lisa na mwili njo ilikuwa inachelewa.

Juu ya Isaac, mutumishi wa Dracula, niseme haraka. Mu gemu ya 2005, Curse of Darkness, Isaac ni muzungu wa nywele nyekundu, adui tu wa Hector, shujaa wa ile gemu. Mu seri ni mutu mweusi, Muislamu, alikuwa mutumwa na bwana yake alikuwa anamupiga fimbo, na sauti yake ni ya Adetokumboh M'Cormack, muzaliwa wa Sierra Leone. Bamoja banalia kama balibadilisha. Mi nasema angalia fasi anatoka na fasi anafika, kutoka mutu mwenye kutaka dunia yote ikufe mupaka mutu mwenye kutaka kujenga, kisha uniambie kama yule wa zamani alikuwa anaweza kubeba ile safari.

Sasa Nocturne, seri yenye ilifuata, 2023. Tuko 1792, Ufaransa mu mapinduzi. Mu Rondo of Blood, gemu ya 1993, Annette ni muchumba wa Richter Belmont, shujaa wa ile gemu, amefungiwa, anangojea kuokolewa. Mu seri ametoka Saint-Domingue, ile Haiti ya leo, alizaliwa mu utumwa, na bwana mwenye shamba ni vampiri. Anatoroka, anapata nguvu ya Ogun, mungu wa chuma, chuma na udongo binamusikia. Thuso Mbedu wa Afrika Kusini njo anamupatia sauti. Na pale miye nilisimama, juu ile hadisi niliijua kabla ya Netflix.

Kambo yangu alikuwaka anatuambia habari ya batumbula. Ile ya wakati wa Babeleji, muji ingali Elisabethville, ile Lubumbashi ya leo: usiku usitembee, kuko bantu benye kutumikia bazungu, banakukamata, banakufungia, banakunonesha, na muzungu anakukula. Bantu bazee ya Union Minière, ile kampuni ya shaba, kila moja eko na yake ya kuelezea. Ng'ambo, mu Zambia ya leo, balikuwa banasema banyama, na bandugu ya pwani beko na mumiani yabo mwenye kunyonya damu. Bengi banaambia batoto kama ile ni ujinga ya bakambo. Sikubali hata kidogo. Mutu mwenye kushuka mu shimo ya shaba kila siku, anaona mwili yake inakwisha na nyumba ya patron inapanda, alijua bizuri sana nani anakula nani, na alipata namna ya kuisema.

Nocturne inasema ile ile. Vampiri ni patron, damu iko ya mutu mwenye kulima miwa, na bakubwa ya Ufaransa banakunywa. Na haiko ya kuzua ovyo: mu ile miaka ya nyuma kabla ya Saint-Domingue kuasi mu 1791, bantu mingi sana benye balipelekwa kule balitoka upande wa Kongo. Mu 1793 kulikuwa mukubwa moja wa baasi, Macaya, alisema eko mutu wa bafalme batatu na wa kwanza ni mufalme wa Kongo. Kwa hiyo Annette siangalie sawa mugeni. Na rafiki yake Edouard, mwimbaji, banamugeuza kiumbe ya usiku, mwili inaharibika yote lakini sauti inabakia, anaendelea kuimba mule gerezani na biumbe bingine binanyamaza kumusikiliza. Mi nalia pale, siwezi kuficha.

Yote haiko muzuri. Sezoni ya 3 ya ile ya kwanza inavuta sana, maongezi, maongezi, na ile mambo Sumi na Taka, banafunzi ya Alucard, banamufanyia ku mwisho ilinikasirikisha, uchungu ilikuwa tayari imetosha, hapakukuwa na lazima ya kumuongezea mu ile namna. Nocturne nayo, mu sezoni yake ya kwanza, inaharakisha fasi ilipaswa kupumua, episodi 8 ni kidogo kwa mapinduzi mbili.

Kama unataka kuanza, anza na 2017, ile 4 ya kwanza unaimaliza usiku moja, na usihukumu mbele ya kufika sezoni ya pili. VF, ile yenye sauti ya kifaransa, iko, mutu wa kifaransa hatapata shida. Na bamama na bababa, tafazali, juu batoto bakisikia katuni banakimbia: hii ni ya bantu bakubwa, kuko matusi, kuko bantu banapasuliwa, kuko mambo ya kitanda. Ulalishe batoto kwanza.