Barua ya utambulisho

Jumapili, usiku

Mtoto wa dada yangu anataka kuoa. Binti ni wa Masasi, kwao ni watu wa kanisa haswa, na Padri wa huko ameomba kitu kimoja tu kabla hajaanza kutangaza ndoa: barua kutoka kanisa analosali kijana. Mambo yamekwama hapo. Kijana hana kanisa. Tangu ahamie hapa Mtwara kufanya kazi bandarini, ibada yake ni simu. Jumapili anajilaza kumsikiliza mhubiri wa Dar es Salaam, sadaka anaituma humo humo, na ukimgusia anakujibu bila kupepesa macho: "Mama mdogo, Mungu yuko kila mahali."

Yuko, nani kabisha? Lakini barua inataka mtu wa kuiandika.

Akaniomba nimpeleke kwa Padri wetu. Padri alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Nikuandikie nini mwanangu? Mimi sikujui." Alisema kwa upole kabisa. Kwamba aje asali, apangiwe jumuiya, tufahamiane, barua itafuata. Kijana alinuna njia nzima, eti mbona kanisa limekuwa kama ofisi ya serikali.

Nami nimekuwa nikilitafakari jambo hilo wiki nzima huku nikichambua mbaazi. Yakobo anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Wazee wepi? Yule wa kwenye simu ana wafuasi wengi, lakini homa ikikushika usiku huko Chuno hajui mlango wako uko upande gani. Waraka kwa Waebrania nao unasema viongozi watatoa hesabu kwa ajili ya roho zetu. Padri atatoaje hesabu ya mtu ambaye hata jina hajawahi kumwambia? Mimi nikikosa misa mara mbili, mzee wa kanisa anapita nyumbani. Tena kabla yake kuna jirani yangu, Mwislamu safi, ananigongea dirisha: "Mama Neema, kengele hiyo, au leo umeasi?"

Namwelewa kijana kwa upande wa kazi. Msimu wa korosho zamu za usiku zinachosha, na mtu aliyetoka kazini alfajiri simlaumu akilala. Ila msimu huwa unaisha.

Sababu yake ya kweli, alinitolea baadaye tukinywa chai, ni watu. Kanisani kuna majungu. Kuna michango. Hapo sikuwa na la kumjibu, maana sisi tuna mchango wa paa, mchango wa vipaza sauti, na mchango wa kumalizia mchango wa mwaka jana. Nilimwambia tu kwamba kama kanisa lina mchungaji anayeuza maji ya upako au anayesumbua watoto wa watu, ondoka hata leo na ukashitaki. Lakini majungu? Majungu yalikuwepo hata Filipi. Paulo aliwaandikia watu wenye mji na majirani, wa Korintho, wa Thesalonike, na katika ile ya Wafilipi anawataja wanawake wawili, Euodia na Sintike, wapatane. Hebu jifikirie umekaa kwenye benchi, barua ya Mtume inasomwa mbele za watu, unasikia jina lako na jina la yule msiyesalimiana! Wala Paulo hamwambii mmoja ahamie kwingine. Anamwomba mtu wa tatu awasaidie.

Sintike wangu ninaye, kwenye umoja wa akina mama. Ugomvi wetu ni sufuria kubwa la kanisa, lililoazimwa harusini likarudi bila kifuniko. Harusi yenyewe ilikuwa ya upande wangu. Mama yangu alipofariki, huyo mwenzangu alifika alfajiri, akajifunga kanga kiunoni, akashika mwiko, akasonga ugali wa watu wote wa matanga. Na bado alipata nafasi ya kuniuliza kifuniko kiko wapi. Mtu wa namna hiyo nisingemchagua kuwa rafiki. Nilipewa.

Sisi tuliokulia Masasi tulisimuliwa jinsi mji wetu wa kanisa ulivyoanza. Mwaka 1876 Askofu Steere wa Kianglikana aliwachukua watumwa walioachwa huru kutoka Unguja, wakapitia Lindi, nia yao kuelekea Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi wakaona panafaa, wakakaa. Watu wa makabila mbalimbali, waliokutanishwa na utumwa, wakawa kanisa moja kwa sababu ndio waliokuwepo. Mwaka 1882 Magwangwara, wapiganaji wa Kingoni, waliwavamia, wakaua na kuteka. Waliosalia hawakuwa na mahali pengine pa kwenda kutafuta Wakristo wazuri zaidi.

Leo kijana amekuja, na kwa bahati ilikuwa siku ya mavuno. Baada ya misa tulikaa nje chini ya mwembe kwa ajili ya mnada: mafungu ya mihogo, ufuta kwenye kisado, boga moja kubwa, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kipande cha kanga. Mnadi wetu ana ulimi. Alimwona mgeni, akamkazia macho, "Huyu bwana wa bandarini atatuangusha?" Watu wakacheka, kijana akataja elfu kumi, mwingine akaongeza, akaongeza yeye. Jogoo lilimgharimu elfu ishirini na tano, bei ambayo sokoni wangemwita kichaa. Akaambiwa desturi: akipenda, alirudishe linadiwe tena, au ampe mtu. Akaangaza macho, akampelekea bibi mmoja aliyekuwa mbele, kipofu, ambaye alilipapasa jogoo kifuani, akaguna kwamba limekonda, kisha akauliza kwa sauti, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Alimjibu kwa kirefu, mpaka kwa babu.

Mzee wa kanisa ameshamwandika kwenye daftari. Barua bado, Padri hana haraka. Jumuiya aliyopangiwa inasali Jumatano saa kumi na moja jioni, na wiki hii ni zamu ya nyumbani kwa yule mwenzangu wa sufuria. Kijana hapajui. Itabidi nimpeleke mwenyewe, na kifuniko nimeshanunua.