Kabla ya kupanda mkoko, tazama maji

Misitu ya mikoko ya pwani ina miti ya aina kadhaa. Mchu ukikatwa, shina huchipua. Mlilana vilevile. Lakini mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyosimama kama miguu ya kaa, ukishakatwa ndiyo basi: kisiki kinaoza na tope linabaki wazi. Ndiyo maana palipovunwa boriti miaka nenda miaka rudi, msitu uliobaki si ule wa zamani. Iliyonyooka ilikwenda kwenye dari za nyumba, iliyopinda ndiyo inayozaa mbegu. Gazi, kule Kwale, Kenya, mikoko ilifyekwa miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda, na upandaji ukaja kuanza miaka ya 1990.

Leo upandaji umeenea pwani nzima, nasi tunaufurahia, ila inauma kuona miche mingi ikifa bure. Kosa kubwa ni mahali. Mbegu zinachomekwa kwenye tope tupu la mbele, upande wa bahari, kwa sababu huko hakuna anayedai ardhi. Mkoko haukai huko! Maji yanaufunika saa nyingi mno, chaza wadogo wanaganda kwenye shina changa, uzito unaulaza. Ukanda wa mbele kabisa ni wa mlilana. Nenda maji yakipwa, uone mikoko mizima ya jirani imesimama wapi, kisha panda usawa huohuo.

Mbegu iliyokomaa ina shingo ya njano chini ya kofia, na ukiizungusha kidogo tu inaachia. Yenye tundu la mdudu iache. Ncha iende chini, theluthi moja ndani ya tope, mita 1 kutoka kwa mwenzake. Ukiizamisha sana inaoza. Ukiiacha juujuu, bamvua, yaani maji makuu ya bahari, linaondoka nayo. Kaa nao watatafuna baadhi, kwa hiyo bakiza mbegu za kuziba mapengo.

Na kama tope limekauka na kupasuka kwa sababu barabara au tuta la shamba la chumvi limeziba mkondo, usipande kitu kwanza. Fungua njia ya maji. Maji yakishaingia na kutoka kama zamani, na miti mizazi ikiwa karibu, bahari yenyewe italeta mbegu. Mara nyingi mchu ndio hutangulia.