Stendi yetu ya vyuma imesimama

Leo nimebeba kilo 80 kwenye stendi ya kunyanyulia vyuma niliyochomelea mwenyewe, hapa Birere, Goma, nyuma ya gereji ya mjomba. Nina furaha sana!

Ile ya kwanza iliachia. Nilichomelea bomba la mraba bila kusaga kutu wala rangi. Mshono uling'aa kwa nje, ndani haukushika. Kaka alipoweka chuma, mguu mmoja ukakatika: tak! Mungu asifiwe, alikuwa bado hajaingia chini yake.

Mjomba aliupasua ule mshono kwa grainda, akanionyesha. "Ona, mwanangu, chuma hakikuyeyuka. Umebandika tu."

Tukaanza upya. Elektrodi (vijiti vya kuchomelea) za milimita 2.5, kusaga mpaka chuma kiwe cheupe, kugonga magamba yote yanayoganda juu ya mshono kabla ya kurudia juu, na kipande cha pembetatu kila kona. Bomba lililopakwa zinki tulilikataa: ukilichomelea na kuvuta ule moshi wake mweupe, usiku unaweza kutetemeka kama mwenye malaria.

Uzito ni gia za malori yaliyokufa, tumezipima kwenye mizani ya mama muuza maharagi. Vijana wa mtaa, karibuni kila saa kumi jioni, umeme uwepo usiwepo.