Jinsi Nilivyolitetea Jina la Kirangozi Lisigeuzwe Kuwa Kiongozi

Kitambulisho changu kilipotoka kwa mara ya kwanza, jina la tatu lilisomeka KIONGOZI. Nilikuwa nimejaza fomu kwa herufi kubwa na wino mweusi, nikaandika KIRANGOZI kama lilivyo kwenye cheti changu cha kuzaliwa, lakini mtu fulani aliyeketi mbele ya kompyuta alidhani nimekosea tahajia, akanisahihishia. Niliporudi kulalamika, karani mwingine alinitazama kwa huruma na kusema, "Kaka, si ni lilelile? Tena hili linaeleweka zaidi. Kubali tu, ujipunguzie usumbufu." Nimepewa ushauri mbaya mara nyingi, ukiwemo wa kununua pikipiki kwa mkopo, ila huu ulinikera kuliko wote kwa sababu ulitolewa kwa upole na mimi sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimelibeba jina hilo miaka yote bila kujua maana yake.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa ya kijinga, na kwa kuwa ilinigharimu fedha nitaisimulia yote. Kuna tovuti moja ya ng'ambo inayouza asili za majina ya ukoo. Niliandika jina langu, kiduara kikazunguka kwenye skrini karibu dakika nzima, kana kwamba kuna mzee ndani anafunua vitabu vyenye vumbi, kisha nikaambiwa kwamba historia ya ukoo wangu imepatikana na inauzwa dola ishirini na kitu. Nililipa. Nikaletewa picha ya ngao yenye simba wawili waliosimama kwa miguu ya nyuma, utepe wenye maneno ya Kilatini, na maelezo kwamba wenye jina hili ni wakarimu, wapenda familia na wana kipaji cha kuongoza. Nilifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu shaka iliniingia, nikaandika humo neno "Sufuria". Kiduara kikazunguka vilevile, na historia tukufu ya ukoo wa Sufuria ikapatikana, pamoja na simba walewale, isipokuwa ngao yao ilikuwa ya kijani. Nikajaribu na "Mwiko". Nao, kumbe, ni wakarimu.

Aliyeninasua ni mwalimu mmoja mstaafu wa historia, jirani yangu, ambaye nilimwonyesha ile ngao nikitumaini angalau atanihurumia. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia, "Kijana wangu, usilitafute kama jina la mtu. Litafute kama neno." Ushauri huo ulikuwa wa bure, na ndio pekee uliofaa.

Vitabu vya kale ambavyo muda wake wa hakimiliki umekwisha vinasomwa bila malipo kwenye intaneti, na ukiwa na neno moja tu unaweza kuliwinda kurasa zote kwa muda wa kunywa chai. Nililipata kwa Richard Burton, Mwingereza aliyeondoka Zanzibar pamoja na John Speke mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba, na Ujiji Februari 1858. Katika kitabu chake kilichochapishwa 1860 neno kirangozi limeandikwa vilevile nilivyoliandika mimi kwenye fomu, herufi kwa herufi. Burton anawadharau watu wetu karibu kila ukurasa, na ilinibidi nimeze matusi mengi ili nipate aya chache zinazonihusu, lakini aya zenyewe zilikuwa tamu.

Kirangozi alikuwa mtu wa mbele katika msafara wa biashara, aliyejua njia, visima na mahali pa kulala. Alivaa kipande cha joho jekundu na kofia iliyopambwa kwa ngozi ya mbega na manyoya ya ndege, akabeba bendera nyekundu, na nyuma yake alifuata mpiga ngoma, kisha wapagazi na mizigo yao ya pembe za ndovu au vitambaa, kila mmoja akiwa na kama kilo thelathini begani. Kanuni iliyonifurahisha kuliko zote ni kwamba hapakuwa na ruhusa ya kumtangulia kirangozi njiani. Aliyethubutu alichomolewa mshale mmoja kwenye podo lake ili mwisho wa safari ya siku atambulike na atozwe faini. Nilisoma sehemu hiyo mara tatu, nikimfikiria yule karani.

Kuhusu lugha yenyewe, Kiswahili kina tabia ya kuidondosha l ambayo ndugu zake wengi wa bara wameihifadhi: wao husema njala na mvula, sisi tunasema njaa na mvua. Ndivyo ilivyo kwa kuongoza, ambalo kwa baadhi ya majirani zetu lina l yake mwanzoni. Kirangozi na kiongozi ni ndugu wa shina moja. Mmoja alibaki na konsonanti yake, ingawa kwa sura ya r, mwingine aliipoteza. Kwa maana hiyo karani hakuwa amekosea kabisa, jambo ambalo sikumwambia.

Uadimu wa jina nao una sababu ninayoiona wazi. Msafara wenye mamia ya wapagazi ulihitaji mtu mmoja wa kushika bendera, na kazi yenyewe haikudumu, kwa kuwa reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam 1905 ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na garimoshi halihitaji mtu wa kulionyesha njia. Zaidi ya hayo, wengi wetu Tanzania jina la tatu ni la babu tu, na mtoto wa mtoto wako atakuja na jingine, hivyo jina la kazi iliyokwisha lina nafasi ndogo ya kuvuka vizazi.

Nilitaka hata hivyo kujua tuko wangapi, na hapa nitajisifu kidogo. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili wa ajira serikalini hutolewa yakiwa na majina kamili ya maelfu ya waombaji kutoka kila kona ya nchi. Watu huyafungua kutafuta jina lao moja, wakiwa na moyo mkononi. Mimi niliyapakua ya miaka kadhaa, nikayageuza kuwa sensa. Akina Mushi na Massawe walijaa kila faili. Akina Juma, John na Joseph ndio usiseme, kwa sababu hao ni babu wa watu. Kirangozi walipatikana wawili. Mmoja alikuwa binamu yangu. Nilipomsoma wa pili, moyo ulinidunda, kisha nikaona kwamba ni mimi mwenyewe, katika usaili ambao nilikuwa nimeusahau na ambao sikufaulu.

Nikapanda basi kwenda Tabora, kwa bibi, dada yake babu, mwanamke pekee aliye hai wa kizazi kile. Nilimwamkia "Mwangaluka", akaitikia, akanishika mkono bila kuuachia muda wote tulipozungumza. Nilimweleza habari za joho jekundu na mishale. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hayo ni kweli, baba alituambia. Lakini sisi si Kirangozi. Sisi ni Kilangozi." Akaniletea kadi yake ya mpiga kura kutoka chini ya godoro. Ilikuwa na L. Kinyamwezi chake hakina r, na padri aliyembatiza baba yangu ndiye aliyeandika kama watu wa pwani walivyotamka.

Usiku ule, juu ya mkeka, niliyafungua tena mafaili yangu kwenye simu na kuandika KILANGOZI. Walitokea kumi na mmoja.

Nilikuwa nimetumia wiki sita, nauli, gharama za wakili wa hati ya kiapo na zile dola za simba nikipigania herufi ambayo babu yangu hakuwa nayo. Hata hivyo cheti cha ubatizo cha baba kilikuwa na R, changu cha kuzaliwa pia, na wakili akanikataza katakata kumtajia mtu yeyote habari za L kabla kitambulisho kilichosahihishwa hakijatoka. Kilitoka baada ya miezi michache, kikiwa na R yangu. Kati ya wale kumi na mmoja, wanne nimeshawapigia simu, na mmoja wao ameniuliza kwa upole kama sijawahi kufikiria kusahihisha tahajia.