Hiyo bado hawajamfundisha

Mama ameketi mbele yangu, mtoto wa miezi 28 magotini, kijitabu cha kliniki mkononi. Nimeuliza maswali ya kawaida, ana maneno mangapi, anaunganisha mawili au bado, na naona uso wake unakunjamana. "Daktari, huyu anahesabu mpaka ishirini kwa Kizungu. Unasemaje hajui kuongea?" (Mimi si daktari, ila pale kwetu ukivaa koti jeupe umeshahitimu.) Mtoto akahesabu kweli, macho ukutani, kwa lafudhi ya Marekani isiyo na chembe ya Kisumu. Nikamwuliza, "Mpira uko wapi?" Mpira uko kando ya mguu wake. Kimya. Nikauliza kwa Dholuo, lugha ya Waluo. Kimya. Mama akamtetea haraka: "Hiyo bado hawajamfundisha."

Yaani watu wa katuni za runinga, ndio waliomfundisha kuhesabu. Alivyosema, ungedhani ni walimu wenye ratiba ukutani, na mpira umepangwa muhula ujao.

Barua yangu ya uhamisho imefika, mjomba tumemzika Ugunja Jumamosi, na bado ni sentensi hiyo tu inayonizunguka. Hawajamfundisha!

Kwa umri ule hatutafuti hesabu. Tunatafuta kama anaomba maji, kama anakuonyesha ndege kwa kidole kisha anakugeukia kuona kama nawe umemwona, kama anasema "mama njoo" au "uji kwisha". Wimbo wa namba anaweza kuukariri wote na usimsaidie kuomba kikombe, kwa sababu runinga haimngoji. Inauliza swali, inajijibu, inasonga mbele. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walichapisha jaribio walilofanya na watoto wa Marekani wa miezi 9. Kundi moja lilichezeshwa na watu wanaoongea Kichina, vikao 12 vya dakika 25 hivi. Kundi jingine liliona watu walewale, maneno yaleyale, kwenye skrini. Waliochezeshwa na mtu walianza kutofautisha sauti za Kichina. Wa skrini hawakupata kitu. Mtu hufuata macho ya mtoto, hunyamaza kidogo, hurudia pale mtoto alipovutiwa. Skrini haijui kama mtoto yupo.

Na si katuni peke yake. Nilipouliza runinga huzimwa saa ngapi, nikajibiwa, "Stima ikipotea." Asubuhi habari, mchana sinema ya dada wa kazi, jioni mieleka. Mtoto ameipa mgongo, anapanga vifuniko vya sufuria, lakini kila kelele inamwinua kichwa, mchezo unakatika kabla haujakomaa. Watu wazima nao huongea na mtoto kidogo zaidi ikiwa imewashwa, hata wakiamini hawaitazami. Hapo ndipo maneno yanapopotelea.

Nilikuwa bado nimenuna mpaka Alhamisi, nilipoisoma tena fomu yake. Mama anakaanga samaki mlangoni, kuanzia saa kumi jioni. Karai la mafuta, moto wa kuni, nyumba ya chumba kimoja. Mtoto aliyeduwaa mbele ya katuni hachomeki. Na vidonda vya mafuta moto nimeviona. Hakuna mwongozo utakaonifanya nimwambie mama yule azime saa hiyo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2019, lilisema chini ya miaka miwili asitazame kabisa, na kuanzia miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Basi saa hiyo moja tuiweke wakati mama yuko kwenye karai. Achague vipindi viwili vya polepole, watu wanaongea kwa zamu, picha haibadiliki kila sekunde, avitie kwenye flashi peke yake. Vikiisha, skrini inanyamaza yenyewe na mama si adui. Ikiwa ni kupitia intaneti, azime ile ya kucheza kinachofuata chenyewe. Kabla ya kuwasha amwambie, "Ikiisha tunazima," na mtoto ndiye abonyeze rimoti. Siku za kwanza atalia. Akiwashiwa ili anyamaze, amefunzwa kwamba kilio ndicho kinachowasha runinga, na kesho atalia zaidi.

Nje ya saa hiyo, zima. Hasa wakati wa kula, maana akikodolea macho skrini hajui ameshiba na hakuna anayeongea naye. Na saa moja kabla ya kulala, kwa sababu umri huo unahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14, ukijumlisha wa mchana.

Asubuhi akiparua magamba mtoto akae karibu, kisu kikiwa mbali. "Samaki." Nyamaza, hesabu moyoni hadi tano, mwangalie. Akisema "maki", mwongezee neno moja tu: "samaki mkubwa." Kwa lugha gani? Ileile unayomgombeza nayo. Wengi wameacha Dholuo kwa sababu katuni ni za Kizungu, kisha mtoto anabaki bila hii wala ile.

Masikio nimemwandikia yapimwe, maana usaha wa mara kwa mara huiba maneno kimyakimya, na kuitikia wimbo wa tangazo si kipimo. Kurudi ni baada ya miezi mitatu, au mapema akipoteza neno alilokuwa nalo. Ikitokea ni usonji (autism), sitakubali mtu amwambie mama kwamba runinga ndiyo iliyouleta. Wakwe wanatosha kumlaumu.

Miezi mitatu ijayo mimi nitakuwa kituo kingine, na faili lake nimelikabidhi kwa mwenzangu.