Miaka 30 ya Kumngoja Daktari

Kati ya sehemu zote za Doctor Who zilizotengenezwa tangu tamthilia hiyo iliporudi hewani mwaka 2005, ninayoirudia mara nyingi zaidi haina vita vikubwa wala dude la kutisha kupita mengine. Ni School Reunion, iliyorushwa na BBC tarehe 29 Aprili 2006, ambamo Sarah Jane Smith, mwandishi wa habari aliyesafiri na Daktari katika miaka ya 1970, anafungua mlango wa stoo ya shule usiku na kukikuta ndani kile kibanda cha polisi cha rangi ya buluu ambacho ndicho chombo cha safari cha Daktari. Hakimbilii kukikumbatia. Anarudi nyuma taratibu, mfano wa mtu aliyeonana njiani na marehemu aliyekwisha kumlilia.

Kwa asiyeifahamu tamthilia hii, Daktari ni kiumbe wa sayari nyingine anayesafiri katika nyakati, na kila anapokaribia kufa huuvua mwili wake kama nyoka anavyojivua gamba, akatoka na sura mpya. Hila hiyo ilibuniwa mwaka 1966, William Hartnell, mwigizaji wa kwanza wa nafasi hiyo, alipokuwa amedhoofika kiafya, na ndiyo iliyoiwezesha tamthilia kudumu kuanzia 1963 hadi 1989. Hata hivyo, ina gharama yake. Mtu ambaye sura yake hubadilika tu bila kuchakaa hawezi kutuonyesha kwamba miaka imepita kweli. Lazima uwepo uso mwingine wa kuibeba miaka hiyo.

Uso huo ulikuwa wa Elisabeth Sladen. Aliingia Desemba 1973, akaigiza Sarah Jane kwanza na Jon Pertwee, kisha Tom Baker, waliomwigiza Daktari kwa kufuatana, akaondoka mwaka 1976 katika tukio la kuagana lililoandikwa kwa wepesi wa makusudi: Daktari ameitwa kwao Gallifrey, binadamu haruhusiwi kufika huko, basi anamteremsha Sarah Jane mtaani kwake, Croydon, London, naye akitazama huku na huku anagundua kwamba mtaa wenyewe si wake. Mzaha ukaishia hapo. Televisheni ya siku zile haikuona haja ya kuuliza msafiri aliyeteremshwa alikwenda kuishi vipi.

Toby Whithouse, aliyeiandika School Reunion wakati Russell T Davies akiiongoza tamthilia, aliliuliza swali hilo, na ndiyo maana ninaamini kazi yake inapita majaribio mengi ya kuwarudisha wahusika wa zamani. Hakujaribu kuifuta miaka iliyokatika katikati. Aliifanya miaka hiyo ndiyo hadithi. Sarah Jane alingoja, Daktari hakurudi, naye akahitimisha kwamba amekufa. Hata lile suala la mtaa linapata jibu: haikuwa Croydon hata kidogo, ilikuwa Aberdeen, kule Uskoti. Mtazamaji mgeni hucheka, na aliyeiona ile ya 1976 hucheka pia, lakini kicheko chake kina uchungu, kwa kuwa anaelewa kwamba mwanamke huyu amelibeba jambo dogo kama hilo kwa karibu miaka 30.

Anayeumia zaidi ni Rose Tyler, msafiri wa sasa, ambaye ghafla anaiona kesho yake imesimama mbele yake ikiwa na umri mkubwa. Wivu wao, unaoanza kwa kushindana nani ameona madude mengi zaidi na kuishia kwa wote wawili kumcheka Daktari, nauona kuwa ndio uandishi bora zaidi wa msimu ule. Njama yenyewe, ya viumbe wanaokaangia wanafunzi chipsi kwa mafuta ya kuwaongezea akili, ni kisingizio tu, na sidhani kama kuna anayeikumbuka kwa sababu nyingine.

Nikilinganisha na Spock, mhusika maarufu wa tamthilia za anga za Star Trek, aliyeingizwa katika Star Trek: Discovery mwaka 2019 akiigizwa na Ethan Peck, naona kazi ya namna nyingine kabisa. Leonard Nimoy, mwigizaji wake wa awali, alikuwa amefariki mwaka 2015, hivyo mhusika alirudishwa katika ujana wake, kabla ya visa tunavyovijua. Peck anaifanya kazi hiyo kwa heshima, ila waandishi wake wamefungwa mikono na mwisho tunaoujua tayari. Huko ni kurithishwa kiti. Sarah Jane alirudi mwenyewe.

Mwishoni mwa School Reunion Daktari anamkaribisha Sarah Jane tena safarini, naye anakataa. Anachoomba ni kwamba safari hii amuage kwa kutamka, na Daktari anamuaga. Mapokezi yalikuwa mazuri kiasi cha Sladen kupewa tamthilia yake mwenyewe, The Sarah Jane Adventures, iliyoanza Januari 2007. Alifariki tarehe 19 Aprili 2011, msimu wa tano ukiwa umerekodiwa nusu tu. Sehemu sita zilizokuwa tayari zilirushwa Oktoba mwaka huo, bila tukio lolote la Sarah Jane kuaga.