Mvinyo wa Dodoma na kitimoto, jaribuni jamani

Watu wengi hapa Dar ukiwaambia waini wanawaza chupa ya bei mbaya, wakati hapo Dodoma tu zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka na mvinyo wake unapatikana hadi grosari za mtaani kwa bei ambayo haiumizi. Mi naanzaga na nyekundu kavu, yaani isiyo tamu, ya zabibu ya Makutupora ya hukohuko Dodoma, na hii jamani ni ya kitimoto rosti au mishikaki ya ng'ombe, yale mafuta na moshi wa mkaa yanataka kitu chenye ukakasi kidogo kinachosafisha mdomo, unatafuna, unapiga funda, unarudi kwenye nyama kama ndo kwanza unaanza. Halafu iweke kwenye friji kama nusu saa kabla ya kunywa, hili joto letu linaua nyekundu kabisa.

Samaki je? Changu wa kukaanga wa Feri, lile soko la samaki la Dar, ndimu na pilipili juu, hapo nenda na nyeupe kavu ya baridi sana, Chenin Blanc ya Dodoma au ya Afrika Kusini, ule uchachu wake unakaa na ndimu vizuri mno. Pweza pia hivyohivyo.

Dompo, mvinyo mwingine wa Dodoma, ni tamu na ina nguvu kuliko waini ya kawaida, usiinywe na nyama choma, utachoka haraka. Kaa nayo baada ya kula, glasi ndogo, na kashata za karanga pembeni.